Mashine za kutambua wahalifu: Soko la Kwa Sadala linalipia nini?

NDIZI zinazoshuka kutoka Masama na Machame huwa na bei mbili kabla hazijapakiwa kwenye lori Kwa Sadala. Ya kwanza ni ile anayoitaja mama mwenye mikungu na mnunuzi akaipunguza. Ya pili haitajwi na mtu, nayo ni gharama ya hofu: ujira wa mlinzi wa usiku, kufuli la pili mlangoni, safari ya kurudisha fedha nyumbani kabla giza halijaingia, na mzigo unaouzwa kwa hasara jioni kwa sababu mwenye nao haamini kuulaza sokoni.

Gharama hiyo ya pili hulipwa na wote. Mkulima huipata kama bei ndogo ya mkungu, na mlaji wa Dar es Salaam huipata kama bei kubwa ya mtori. Ndiyo sababu habari za vifaa vya polisi, ambazo kwa kawaida husomwa kwenye kurasa za siasa au za mahakama, zina nafasi yake katika ukurasa wa soko.

Kwa Sadala, wilayani Hai, ni kituo cha biashara kilichopo kando ya barabara kuu ya Moshi-Arusha. Barabara inaleta wanunuzi, na barabara hiyo hiyo inamwondoa mwizi. Aliyevunja kibanda saa nane usiku anaweza kuwa Arusha au Moshi kabla mwenye kibanda hajaamka. Sungusungu na ulinzi wa kijiji hufanya kazi vizuri pale mwizi anapofahamika kwa sura. Mgeni anayepita njiani hana sura inayojulikana. Kinachobaki nyuma yake ni alama tu: ya kidole, ya kiatu, ya namba ya simu.

Swali ni je, nani analipia kazi ya kuzisoma alama hizo, na fedha zikishalipwa soko linapata nini?

Mfuko ni wa taifa

Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba halmashauri ya wilaya ikiamua inaweza kununua mashine ya upelelezi kwa ajili ya kituo chake, kama inavyofanyika katika baadhi ya miji ya Marekani ambako polisi ni waajiriwa wa mji. Tanzania haiko hivyo. Jeshi la Polisi ni moja, ni suala la Muungano, liko chini ya Inspekta Jenerali, na fungu lake hupitishwa na Bunge kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Fungu hilo lina mikono miwili. Mmoja ni wa matumizi ya kawaida: mishahara, mafuta ya gari, posho, karatasi. Mwingine ni wa maendeleo: majengo, magari, mitambo. Mashine mpya hununuliwa kwa mkono wa maendeleo, lakini siku inapoanza kazi inaanza kula kutoka mkono wa matumizi ya kawaida. Inataka umeme, wino, matengenezo, ada ya programu na mtu aliyefunzwa. Mkono wa kwanza ukitoa na wa pili ukafumba, mashine hubaki pambo la ofisini.

Kuna na mfuko wa tatu usio rasmi, nao ni michango. Katika sehemu nyingi za nchi wananchi na wafanyabiashara wamechangia matofali, mabati na saruji kujenga vituo vya polisi. Kwa jengo, utaratibu huo umesaidia. Kwa upelelezi una hatari yake: anayelipia mafuta ya gari la mpelelezi leo anaweza kesho kuwa mlalamikaji, au mtuhumiwa. Mchango wa namna hiyo ukipita mkononi bila stakabadhi huitia doa kesi ambayo ulikusudiwa kuisaidia.

Mashine inafanya nini

Utaalamu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ya India ilianza kutumia rasmi mfumo wa kupanga alama za vidole uliopewa jina la Edward Henry, ingawa hesabu zake zilifanywa kwa sehemu kubwa na maofisa wawili wazalendo, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 mfumo huo ulifika London. Afrika Mashariki iliujua kwa uchungu: nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ili mwajiri na serikali wamfuatilie.

Kazi iliyofanywa na karani kwa kupekua kadi kabatini ndiyo inayofanywa sasa na kompyuta. Mtambo hupokea picha ya alama, hupima mahali mistari ya ngozi inapokatika au kugawanyika, kisha hulinganisha na alama zilizohifadhiwa. Mwisho wake hautoi jina la mwizi. Hutoa orodha fupi ya watu wanaofanana zaidi, na mtaalamu mwenye macho yake huamua.

Hapo kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyafahamu. La kwanza, mtambo hauwezi kumtaja mtu ambaye alama zake hazimo ndani yake. Alama zilizochukuliwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, zilichukuliwa kwa ajili ya kitambulisho; ili kituo cha polisi kizitumie panahitajika mifumo iliyounganishwa na sheria inayoruhusu. La pili, mtambo hauendi sokoni. Lazima mtu aende kuichukua alama pale tukio lilipotokea.

Chukua mfano wa kibanda cha wakala wa fedha kilichovunjwa usiku. Kioo cha kaunta, chupa ya soda, kufuli lililopakwa rangi na kasha la bati vinaweza kushika alama nzuri. Gunia la mahindi, ubao usiorandwa na mkungu wa ndizi havisaidii sana. Alama hiyo huinuliwa kwa unga maalumu, brashi laini, utepe unaonata na kadi. Ni vifaa vya bei ndogo. Lakini kama kufikia saa mbili asubuhi majirani ishirini wameingia kutoa pole na kila mmoja ameshika kaunta, mtambo wa mabilioni hautapata cha kusoma.

Hesabu ya vituo 108

Tanzania ina funzo lake katika jambo hili, nalo lina tarakimu. Mwaka 2011 Jeshi la Polisi liliingia mkataba na kampuni ya Lugumi Enterprises wa kufunga mitambo ya kutambua alama za vidole katika vituo 108 vya polisi nchini. Thamani ya mkataba ilikuwa takriban shilingi bilioni 37.

Mwaka 2016 suala hilo lilitua mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ambayo wakati huo iliongozwa na Naghenjwa Kaboyoka, Mbunge wa Same Mashariki katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Kilicholeta mjadala ni taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kwamba kampuni ilikwisha kulipwa takriban shilingi bilioni 34 huku mitambo ikiwa imefungwa katika vituo 14 tu. Kamati ilitaka kuuona mkataba, na kamati ndogo iliundwa kufuatilia.

Mfanyabiashara yeyote anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye karatasi ya kufungia sukari. Bilioni 37 kwa vituo 108 ni wastani wa shilingi milioni 343 hivi kwa kituo. Bilioni 34 kwa vituo 14 ni shilingi bilioni 2.4 kwa kituo. Kwa hesabu iliyokuwa mezani siku ile ya ukaguzi, kila kituo chenye mtambo kilikuwa kimegharimu mara saba ya ilivyokusudiwa.

Hapa kosa la kibiashara ni rahisi kulieleza kuliko la kisheria. Mnunuzi wa ndizi Kwa Sadala hatoi fedha zote za mikungu 108 akiwa ameonyeshwa 14. Hutoa kishika uchumba, huhesabu mzigo ukipakiwa, na humalizia lori likijaa. Mkataba wa mitambo ya serikali unaweza kuandikwa hivyo hivyo: sehemu ndogo mwanzo, sehemu nyingine kila kituo kinapokabidhiwa kikiwa kinafanya kazi, na sehemu ya mwisho baada ya miezi kadhaa ya matumizi. Neno linalobeba uzito ni "kinafanya kazi". Sanduku lililoshushwa kituoni bila mtandao wa kuliunganisha na makao makuu halijafika.

Majirani walivyolipa

Nchi jirani zimepita njia tofauti. Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi kwa Nairobi na Mombasa, kwa takriban shilingi bilioni 15 za Kenya. Mkataba ulikuwa wa mwaka 2014. Faida ya njia hiyo ni kwamba mjenzi alikuwa na minara na nyaya zake tayari. Lawama zilizotolewa bungeni huko zilihusu namna zabuni ilivyotolewa.

Uganda ilichagua kamera. Baada ya ofisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi Machi 2017, Rais Yoweri Museveni aliagiza kamera zifungwe mijini na barabarani. Mwaka 2019 polisi wa Uganda walithibitisha kwamba mfumo uliotoka kampuni ya Huawei ya China, wenye uwezo wa kutambua sura, ungegharimu dola milioni 126 za Marekani. Wapinzani walihoji kama macho hayo yangewatazama wahalifu au wao.

Kenya iliongeza hatua nyingine Juni 2022, ilipofungua maabara ya taifa ya uchunguzi wa kisayansi katika makao makuu ya upelelezi jijini Nairobi. Maana yake ni kwamba baada ya kamera na redio ilionekana bado inahitajika sehemu ya kuchunguza risasi, vinasaba na nyaraka. Kifaa kimoja huita kingine, na bajeti inayopangwa kwa kifaa kimoja hupungukiwa.

Karatasi inayoshinda kesi

Tukio kubwa la wilaya ya Hai linaonyesha urefu wa njia. Agosti 7, 2013 mfanyabiashara wa madini ya tanzanite aliuawa kwa risasi mchana katika eneo la Mijohoroni. Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu mjini Moshi, na hukumu ilitolewa mwaka 2018. Ni miaka mitano kwa kesi iliyofuatiliwa na taifa zima. Kwa kibanda kilichovunjwa, hakuna anayesubiri hivyo.

Sehemu kubwa ya muda kama huo haimalizwi na mashine. Kielelezo kikichukuliwa sokoni, lazima ijulikane nani alikichukua, saa ngapi, alimkabidhi nani, kilifungwa wapi na nani alikipeleka kwa mtaalamu. Mahakama ya Rufani ilieleza hilo waziwazi katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: panahitajika mlolongo wa maandishi unaoonyesha safari ya kielelezo kutoka kukamatwa hadi mahakamani. Hatua moja ikikosa maandishi, wakili wa utetezi anajua pa kuanzia.

Wafanyabiashara wana msemo wao kwa jambo hilo: mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi nao ni mali. Bahasha za kufungia, daftari la vielelezo, kabati lenye kufuli na nauli ya askari wa kupeleka kielelezo kwa mtaalamu ni vitu visivyozinduliwa kwa kukata utepe. Hakuna kiongozi anayepigwa picha na bahasha. Lakini vikikosekana, alama nzuri kuliko zote inaishia kwenye faili.

Kwa vinasaba mambo ni hayo hayo. Tangu mwaka 2009 Tanzania ina sheria ya kusimamia teknolojia ya vinasaba vya binadamu, na mwenye dhamana kuu ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ya damu iliyowekwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi huoza njiani. Mfuko wa karatasi na sampuli iliyokaushwa vizuri huokoa kipimo ambacho gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi ya mfuko wenyewe.

Mashine inapokosea

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta ikishasema, hakuna la kujadili. Marekani iliilipia imani hiyo. Baada ya mabomu kulipuka katika treni za Madrid, Hispania, Machi 11, 2004, shirika la upelelezi la FBI lilipata alama iliyokuwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu. Mtambo ulitoa orodha ya wanaofanana, na wataalamu wakamchagua wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Brandon Mayfield. Alikamatwa na kuwekwa ndani. Polisi wa Hispania ndio waliobaini kwamba alama ilikuwa ya mtu mwingine. Serikali ya Marekani iliomba radhi, na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni 2.

Kama wataalamu wa FBI walikosea, kituo chenye askari mmoja aliyefunzwa kwa wiki chache kinaweza kukosea pia. Ndiyo maana fungu la mafunzo si la kupunguzwa pale fedha zinapopungua. Mkoa wa Kilimanjaro una nafasi nzuri kwa kuwa Shule ya Polisi Tanzania iko Moshi. Askari wengi wa nchi hii wameanzia huko. Somo la kulinda eneo la tukio na kuinua alama, likifundishwa kwa vitendo kwa kila mwanafunzi, halihitaji mkataba wa mabilioni.

Pia ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Alama ya kidole haibadilishwi kama namba ya siri. Ikivuja, imevuja maisha yote ya mwenyewe. Anayenunua mtambo wa kuzihifadhi ananunua na wajibu wa kuzilinda.

Simu ndiyo kidole cha siku hizi

Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, sehemu ya fedha za soko imehama kutoka kwenye kibindo kwenda kwenye simu, na wezi wamehama nazo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya Januari 20, 2020. Kwa namna hiyo mfumo mkubwa wa utambuzi kuliko wote ulijengwa bila kituo cha polisi kuhusika moja kwa moja: makampuni ya simu yaligharimia vifaa, NIDA ikathibitisha, na mwananchi akalipa kwa kupanga foleni.

Udhaifu wake unajulikana. Mteja asiyemakini huombwa abonyeze kidole mara ya pili au ya tatu "kwa kuwa mtandao unasumbua", na laini nyingine husajiliwa kwa jina lake. Ikitumika kwa utapeli, anayefuatwa kwanza ni yeye. Kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, mteja hubonyeza *106#. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma namba 15040. Huduma hizo hazina ushuru wa soko.

Soko lifanye nini

Kwa kuwa mfuko wa mitambo uko Dodoma, uongozi wa soko la Kwa Sadala hauna haja ya kuchangisha kununua kompyuta. Yako mambo ya gharama ndogo yaliyo mikononi mwake.

Kwanza, taa. Ushuru unaokusanywa na halmashauri sokoni unaweza kudaiwa kwa hoja katika vikao, kupitia diwani, ili sehemu yake irudi kama taa na uzio. Kamera bila taa hupiga picha ya kivuli.

Pili, kumbukumbu. Namba ya injini na fremu ya pikipiki, namba ya utambulisho ya simu na alama ya siri kwenye mizani ziandikwe na kutunzwa nyumbani. Mali iliyopatikana ikakosa mwenye uthibitisho hurudi kwa aliyekutwa nayo.

Tatu, kibanda kikivunjwa kisiguswe. Mtu mmoja asimame mlangoni, mwingine aende kituoni kufungua jalada na kuchukua namba ya RB. Mwenye kibanda na wasaidizi wake wakubali kuchukuliwa alama zao, ili zitengwe na za mgeni.

Nne, mchango wowote kwa kituo upitie akaunti rasmi na utolewe stakabadhi, na usiwe wa kesi fulani.

Tano, ni swali. Mbunge anapokuja na habari kwamba vituo vya mkoa vitapata mitambo mipya, aulizwe mambo matatu kabla ya makofi: nani atailipia mwaka wa pili, nani amefunzwa kuitumia, na mkandarasi analipwa kwa sanduku au kwa kituo kinachofanya kazi. Yule mnunuzi wa ndizi, anayehesabu mkungu mmoja mmoja kabla ya kutoa noti, anastahili kujibiwa kwa hesabu ya namna hiyo hiyo.